Nilichomjibu Jemedari

Jumatatu, Machi 2

Leo Kaka kaniambia mgahawa unafungwa.

Alinifuata stoo nikiwa napandisha magunia ya mchele juu ya mbao, maana mvua zimeanza na sakafu ya kule nyuma hutoka jasho. Akafunga mlango, akauegemea. Nilidhani kuna msiba.

"Kitinda," akasema. Ni yeye peke yake ambaye bado ananiita hivyo, mimi kitindamimba niliyeanza kuota mvi. "Jengo limeuzwa. Aliyelinunua anataka kulivunja. Tunafanya kazi mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Mvua zikiisha, na sisi tumeisha."

Nikamuuliza kama wenzangu wanajua.

"Hawajui, na hawatajua. Wakijua leo, kesho kila mmoja yuko milangoni mwa watu anatafuta kazi. Chakula cha kiwandani atapika nani? Wewe?"

Kiwanda cha magodoro kiko mwisho wa mtaa wetu. Kila mchana tunawapelekea wafanyakazi wao chakula, na mkataba huo ndio unaotuweka hai, si hawa wateja wa chai moja na gazeti zima. Unaisha hiyo hiyo Mei. Akiuvunja kabla ya hapo, anasema, atatoka hapa mikono mitupu.

"Wewe usiogope. Mimi na wifi yako tunafungua kibanda karibu na kwao. Nafasi yako ipo. Ila niahidi hutasema."

Nikaahidi. Kaka akisema niahidi, mdomo wangu hutangulia kabla kichwa hakijafika. Sasa jambo hili nimelibeba peke yangu. Hakuna ninayeweza kumwambia, ndiyo maana naandika.

Jumatano, Machi 4

Mvua tangu alfajiri. Wateja wachache. Nimefuta meza kavu mpaka Bahari akaniuliza kutoka kwenye karo lake la vyombo kama siku hizi nimeolewa na meza.

Ijumaa, Machi 6

Paa limeanza kuvuja juu ya meza ya dirishani. Nimeweka ndoo, na juu ya ndoo nimeweka kitambaa ili matone yasipige kelele watu wakila.

Jemedari akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mama huyu ni mpishi wetu. Ana jina lake kama watu wengine, lakini aliyemwita Jemedari hakukosea: jikoni kwake mtu haingii bila hodi, hata awe mwenye mali. Nilipoachika na kuja kukaa kwenye kaunta hii, sijui hata kubeba trei, ndiye aliyenifundisha. Siku ya kwanza nilimwaga supu nzima mapajani mwa mteja. Jemedari akaja akamwambia yule bwana, "Wengine hulipia maji ya moto, wewe umepewa ya bure tena yana kitunguu." Mtu akacheka, na mimi nikabaki kazini. Tangu siku hiyo ananiita mdogo wangu.

"Bosi, paa," akamwambia Kaka.

"Mvua zikiisha."

"Na sufuria kubwa? Imetoboka. Nimeiziba, lakini kile kiraka cha bati kitadondokea kwenye maharage ya watu siku moja."

"Mvua zikiisha, Jemedari. Mvua zikiisha mambo yote."

"Haya. Mvua zikiisha huyu mtu atatujengea ghorofa."

Bahari alicheka mpaka akaegemea karo. Bahari ndiye muosha vyombo wetu, mtu mzima mwenye mgongo mbovu na mdomo mzima. Jina alijipa mwenyewe: anasema yumo majini siku zote na hakuna aliyewahi kuuona mwisho wa kazi yake. Alicheka Jemedari, akacheka Kaka.

Nimecheka na mimi. Ndilo linaloniuma. Nimecheka vizuri kabisa.

Jumanne, Machi 10

Mvua. Kuni za akiba zimelowa, mkaa nao umeshika unyevu. Moshi jikoni kama kuna moto.

Jumapili, Machi 15

Tumefunga leo, kama kila Jumapili. Nimekwenda kumsalimia Kaka nyumbani kwake. Nimemkuta amekaa, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi. Imevimba mpaka vifundo havionekani.

Nikamkanda. Tulipofiwa na wazazi yeye alikuwa bado anasoma. Akaacha shule akaenda kuosha vyombo kwenye mahoteli ya watu, jioni ananiletea chakula kilichobaki, amekifunga kwenye karatasi, ananiambia yeye ameshakula. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba alikuwa hajala. Miguu hii imesimama jikoni kwa ajili yangu kabla haijasimama kwa ajili ya mtu mwingine yeyote.

Sasa mtu kama huyu anapokuomba unyamaze tu, kunyamaza ni nini? Hakuniambia niibe.

Nimerudi nikiwa na amani kidogo.

Alhamisi, Machi 19

Amani imedumu mpaka leo saa nne asubuhi. Bahari kaja anapiga mluzi. Amepata vyumba viwili uchochoro wa nyuma ya mgahawa. Anaacha kile chumba chake cha bondeni ambako maji huingia hadi kitandani, na anamleta mkewe, ambaye wameishi mbalimbali miaka yote hii.

"Dada Kaunta," akaniambia, "nitakuwa natoka kitandani naingia kwenye karo. Hata ndoto sitamaliza, nitakuja kuzimalizia hapa."

Nikamwambia hongera. Nikamuuliza kama vyumba vina madirisha.

Jumanne, Machi 24

Naandika haya kabla hata sijavua aproni.

Baada ya chakula cha kiwandani tulikaa na Jemedari kwenye mlango wa nyuma, tunachambua mchele. Mvua ilikuwa imepungua, yale manyunyu ambayo huwezi kuyaita mvua wala huwezi kutoka nayo. Akasema bila kuinua macho:

"Mdogo wangu, nina neno."

"Sema, dada."

"Hospitali wanataka mpishi. Mkuu wa jiko lao anastaafu. Kuna mtu alikula kwetu akapeleka jina langu, wakaniita, nikaenda. Sikukwambia maana sikutaka kutangaza ngoma kabla haijawambwa. Wamenikubali."

Nikasema ni jambo jema. Nilisema kweli, na moyo ulinipasuka kwa furaha, kwa sababu niliona njia. Akienda mwenyewe, sitakuwa nimemficha kitu.

"Ni jema," akasema. "Kazi ya kudumu. Kuna likizo, na ukizeeka kuna kiinua mgongo. Lakini mimi nimezeeka na jiko hili. Najua upande gani wa jiko unaunguza. Najua bosi akikohoa mara mbili ana hasira. Kule nitaanza kuitwa 'wewe mama' na watoto waliovaa koti jeupe. Nikipata sababu ya kubaki, nabaki." Akaacha kuchambua. "Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Sasa nakuuliza wewe, uliye karibu na bosi. Hapa kwetu pako salama?"

Kaka alikuwa kwenye kaunta. Nilimwona kwa upenyo wa mlango, anafuta glasi, ametega sikio au hakutega, sijui. Nilikuwa na muda wa kutosha kufikiri. Siwezi kusema nilishtukizwa.

"Hapa? Hapa hatuendi popote," nikasema.

"Una hakika?"

Akaniangalia machoni. Na mimi nikamwangalia.

"Kingekuwepo kitu, Kaka angeniambia."

Akapumua. "Basi," akasema, akarudi kwenye mchele. Baada ya kitambo akaanza kunisimulia habari ya mtoto wa jirani yake aliyemeza kifungo, na tukacheka.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kumwambia nenda hospitali, dada, mgahawa ni mgahawa tu. Kaka aliniomba kufunga mdomo, hakuniomba kuufungua. Yale maneno niliongeza mwenyewe.

Jumatano, Machi 25

Mvua.

Ijumaa, Machi 27

Jemedari kamfukuza muuza mkaa. Kamwambia asikanyage tena hapa na uongo wake. Sikujua wamekosana nini na sikuuliza. Siku hizi sipendi kuuliza.

Jumatano, Aprili 1

Amewakatalia hospitali. Kaja asubuhi na mkate wa siagi, tumekula sote wanne, hata Kaka. "Nimeamua nitawasumbua mpaka mnizike," akasema. Kaka akaniangalia juu ya kikombe. Kipande changu nimekifunga kwenye karatasi. Nimesema nitakula baadaye.

Jumatatu, Aprili 6

Mke wa Bahari amefika. Mwanamke mfupi, mcheshi kama mumewe. Amekuja kunishukuru kwa kumtunza mumewe. Sijui nimemtunza wapi.

Jumanne, Aprili 14

Leo tumefurika. Mfereji wa barabarani umeziba, maji yakaingia kwa mlango wa mbele yamebeba majani na kandambili moja ya mtu. Wateja wawili walipanda juu ya viti na sahani zao mkononi, wakaendelea kula.

Kaka alisimama katikati ya ukumbi, maji yamemfika kwenye vifundo. Ni Jemedari aliyepiga amri. Bahari na mitungi ya gesi juu ya meza. Mimi na unga na mchele. Mwenyewe alizuia mlango wa jiko kwa magunia ya mkaa, akafunga kanga kiunoni, akaendelea kupika, mguu mmoja juu ya kreti. Saa ya kiwandani ilipofika, hakuna gari dogo lililokubali kupita mtaa ule. Akajitwika sufuria ya wali. Bahari, na mgongo wake ule, akabeba ya mchuzi. Mimi nikafuata na maharage. Tulitembea katikati ya barabara maji yakiwa magotini, na wafanyakazi wa kiwanda walipotuona wakatoka nje wakapiga makofi.

Wakati wa kurudi, Jemedari akasema, "Mwaka ujao bosi lazima ainue kizingiti. Nitamkumbusha mapema, kabla ya mvua."

Mwaka ujao.

Niliporudi nilimkuta Kaka ameketi juu ya kaunta kama mtoto. Nikamwambia, "Umewaona?" Akasema, "Nimewaona." Nikangoja aongeze neno. Akashuka, akachukua ufagio.

Jumapili, Aprili 19

Nimekwenda kwa Kaka, hayupo. Nimemkuta wifi anashona mapazia ya kibanda kipya. Ana furaha, na akiwa na furaha hazuii mdomo.

"Kina meza nne tu," akaniambia, "kwa hiyo mwanzoni hatutahitaji mhudumu. Lakini wewe utakaa nyumbani na watoto, unipikie na kunifulia, mimi niwe huru kule. Tumekuwekea chumba cha uani."

Nikasema, kumbe. Nikamshikia pazia alikate.

"Ndugu yako ametaabika," akaendelea. "Tangu mwaka jana anajua jengo linauzwa, na hana wa kumwambia."

"Mwaka jana?"

"Kabla hajatia saini mkataba wa kiwanda. Nilimwambia tia tu, Mungu ataleta njia."

Nimetembea kurudi bila mwavuli ingawa nilikuwa nao mkononi. Mwaka jana Jemedari aliomba ruhusa akamuuguze mama yake mwezi mzima, Kaka akamwambia asiondoke, mgahawa unamtegemea, kuna kesho. Kwa hiyo tangu wakati ule alijua hakuna kesho.

Nilikuwa namwona kama mtu aliyeangukiwa na ukuta. Leo nimeona kwamba aliuona ukuta unainama, akasogea yeye, akawaacha wenzake wamekaa chini yake. Na mimi nilikuwa nimesimama kando yake, kwenye ile nafasi aliyoniwekea. Chumba cha uani.

Hasira hii ingenipa nafuu kama ningekuwa na haki nayo. Lakini Jemedari hakumuuliza Kaka. Aliniuliza mimi.

Jumanne, Aprili 28

Nimemwambia Kaka nataka kusema. Tulikuwa stoo, mahali pale pale.

"Umebaki mwezi mmoja," akasema. "Mmoja tu, Kitinda."

"Bahari amepanga vyumba. Jemedari amekataa kazi."

"Nilimwambia mimi akatae?"

Hapo alinishika.

Akalainisha sauti. "Nani alikupeleka shule? Nani alikushonea sare kwa mkono? Nilikuomba nini maishani mwangu? Jambo moja. Moja!"

Machozi yalimtoka. Kaka hajui kulia, hulia kama mtu anayekohoa. Nikamwambia basi, yaishe. Nikamfuta kwa aproni yangu.

Nimetoka mle nikiwa nimewasaliti wao mara ya pili. Na kama ningesema, ningekuwa nimemsaliti yeye. Nimebaki na kuchagua nani nimuumize, na kila siku namchagua yule ambaye hajui.

Jumamosi, Mei 2

Mvua imepungua. Naiombea isiishe.

Alhamisi, Mei 7

Nimesema. Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi kulikuwa na mvua kubwa. Jemedari alichelewa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kaka alishaanza kutembea huku na huku. Halafu mlango ukafunguliwa kwa teke, akaingia Jemedari ameloa chapachapa, mwavuli ameufunikia sufuria badala ya kichwa chake. Sufuria mpya, kubwa, inang'aa mpaka unajiona ndani yake.

"Nimechoka kungoja mvua ziishe!" akasema. "Kwenye kikundi chetu cha akina mama cha kuchangiana fedha, zamu yangu ya kupokea imefika. Nikajiuliza ninunue nini? Kabati? Nguo? Nimekaa kwangu saa ngapi mimi? Nyumbani kwangu ni hapa."

Bahari alipiga kijiko kwenye sahani kama ngoma. Jemedari akaiweka sufuria juu ya kaunta mbele ya Kaka.

Nilimwangalia Kaka. Nilisema moyoni, sasa. Sasa hivi, akiwa mtu, atasema. Kaka akaigonga sufuria kwa kidole, ikalia vizuri.

"Asante, Jemedari," akasema. "Peleka jikoni."

Ni hapo.

"Jemedari," nikasema, "irudishe dukani."

"Kwa nini? Ni ndogo?"

"Mgahawa unafungwa. Mwisho wa mwezi huu. Jengo limeuzwa, linavunjwa."

Kaka alisema, "Kitinda." Jina tu. Halafu akasema, "Umeniua."

Mvua ilikuwa inapiga bati na ndoo ya dirishani ilikuwa imejaa, inamwagikia chini, na hakuna aliyekwenda kuimwaga. Bahari akakaa kwenye kiti cha mteja, mikono inamdondoka povu. Alifungua mdomo mara mbili. Nilingoja atanie. Akasema, "Nimemleta mke wangu."

Jemedari hakumwangalia Kaka hata kidogo.

"Wewe umejua lini?"

"Machi."

"Machi lini?"

"Mwanzoni."

Nilimwona anarudi nyuma kichwani, anatafuta, mpaka akafika pale mlangoni, kwenye mchele.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Sikiliza nikwambie jambo." Sauti yake haikupanda. Ningependa ingepanda. "Uvumi niliusikia zamani. Muuza mkaa aliniambia jengo limeuzwa, amewaona watu wanapima. Nikajua lisemwalo lipo. Lakini nikasema siwezi kuhama kwa neno la njiani. Nitamuuliza mdogo wangu. Akisema ni kweli, naenda hospitali. Akisema si kweli, basi muuza mkaa ni mwongo. Ukaniangalia hivi hivi unavyoniangalia sasa, ukasema Kaka angeniambia. Nikamfukuza yule mzee wa watu. Nikamtukana mbele ya wateja wake, kwa ajili ya neno lako."

Nikasema nisamehe. Halikuwa na uzito wowote, lilitoka kama pumzi.

"Jemedari, ni mimi niliyemwambia anyamaze," Kaka akasema.

"Bosi, wewe ni bosi. Bosi huficha, nimeshaona mabosi." Bado alikuwa ananiangalia mimi. "Huyu alikuwa wangu."

Bahari akavua aproni. Akasema yeye anakwenda, na watu wa kiwandani wakale magodoro yao. Alikuwa amefika mlangoni Jemedari alipomwita.

"Wale watu wa magodoro wamekosa nini? Wana njaa tu. Rudi." Kisha akamgeukia Kaka kwa mara ya kwanza. "Tutamaliza mwezi. Lakini kuanzia kesho, chakula cha kiwandani kikitoka nafunga jiko, na kila mtu anakwenda kutafuta kazi. Hutaki, shika mwiko."

Kaka akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa rahisi hivyo. Alichokiogopa tangu mwaka jana, kwamba wataondoka wamwache, hakikutokea. Lakini lazima niandike na hili: Jemedari angeondoka. Angekuwa hospitali sasa, na alikuwa na kila haki. Kaka hakuogopa bure. Alimzuia mtu, na kamba iliyomfunga ilikuwa mimi.

Akapika kwenye sufuria ile ya zamani iliyozibwa. Mpya imekaa kaunta siku nzima. Nilikuwa naipita.

Ijumaa, Mei 8

Jemedari amenisalimia. "Habari za asubuhi, dada." Basi.

Jumatano, Mei 13

Nimekwenda hospitali mwenyewe. Nilingoja kwenye benchi pamoja na wagonjwa mpaka msimamizi wa jiko na dobi akanipokea, bwana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamweleza kwamba yule mpishi aliyekataa Machi alikuwa amedanganywa, na aliyemdanganya ni mimi.

"Nafasi ilijazwa Aprili," akasema. "Tulisikitika sana. Alikuja mwenyewe kutuambia, hakutuma mtu. Alisema ana watu wake, hawezi kuwaacha."

Nikainama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba.

Akaniambia kuna nafasi ya msaidizi: kumenya, kuosha mboga, kugawa kwenye matrei. Chini ya mpishi mpya, ambaye ni mdogo kwa umri. Na dobi wanatafuta mtu. Nikamwomba aitunze ile ya jikoni siku chache.

Sikuweza kumpelekea habari mimi. Neno likitoka kwangu sasa, hata likiwa kweli, limeoza. Nimemwomba Bahari amwambie kama kitu alichosikia kwa watu.

Bahari akaniangalia sana. "Yaani niseme uongo kwa niaba yako?"

Nikakosa pa kuuweka uso. Akapangusa mikono. "Nitamwambia ni wewe uliyekwenda. Akitaka aende, asitake asiende. Uongo umetosha, Dada Kaunta."

Jumamosi, Mei 16

Bahari hajapata kazi. Mkewe amepata, anafua kwenye nyumba za watu. Bahari anasema sasa wote wawili wako majini. Nimefurahi kumsikia akitania, halafu nikaona hakuwa ananitazama aliposema.

Ijumaa, Mei 22

Jua siku nzima.

Jumamosi, Mei 30

Tumefunga. Chakula cha mwisho cha kiwandani kiliondoka jana. Leo ilikuwa kuhamisha tu. Watu wamekuja kuchukua meza, friji, mizani. Jemedari alisugua jiko lote, kuta hadi juu, jiko ambalo wiki ijayo litakuwa kifusi. Akajitwika sufuria yake mpya, akapeana mkono na Kaka, akapeana mkono na Bahari, akapeana na mimi. Mkono wake ulikuwa na joto. Akashukia ngazi za nyuma.

Kaka alikuwa anahangaika kushusha kibao cha juu ya mlango na miguu ile haimruhusu kupanda kiti. Tangu siku ile hatujazungumza zaidi ya kazi. Nikapanda mimi, nikakifungua, nikamshushia. Tukakishika wote wawili, kizito, kimejaa vumbi na utando wa buibui.

"Mama angekuwa hai angesema nini?" akauliza.

"Angesema tumekosea. Sote wawili."

Akapangusa vumbi la kibao kwa kiganja.

"Angesema hivyo," akasema. Baadaye akaniuliza kama nakwenda nao. Nikamwambia hapana, Kaka. Hakuniuliza sababu, na hakunisihi. Nimeona anazeeka. Nampenda, na siwezi kukaa kwenye chumba kile cha uani.

Ijumaa, Juni 12

Nina wiki moja kwenye dobi ya hospitali. Mashuka. Mvuke wake ni mkali kuliko wa jikoni. Jemedari yuko jikoni, jengo la pili, tangu mwanzo wa mwezi. Aliikubali ile kazi ya msaidizi. Njia zetu hazijakutana, na nimekuwa nikipita mlango wa mbali ili zisikutane, nikijiambia namstahi yeye.

Leo, baada ya kazi, nimepita sokoni. Nilikuwa nachagua nyanya kwenye fungu nikasikia sauti yake inabishana na muuzaji wa vitunguu. Sikupata muda wa kukimbia. Aligeuka tukawa uso kwa uso. Alikuwa na msichana aliyevaa vazi jeupe la jikoni, nadhani ndiye yule mpishi mpya, anayemtuma sasa.

"Shikamoo," nikasema, ingawa kwa miaka yote hatukuwahi kuamkiana hivyo.

"Marahaba."

Yule msichana akatabasamu. "Mama, huyu nani?"

Jemedari alinitazama. Hakuwa na haraka. Watu walitupita, mmoja akanikanyaga.

"Tulifanya kazi pamoja," akasema.

Ni kweli. Hakuna neno la uongo hapo. Nikaitikia kwa kichwa. Nikamwuliza hali, akasema nzuri. Msichana akaanza kuondoka.

Jemedari akageuka amfuate. Halafu akasimama, akanyoosha mkono kwenye fungu langu, akatoa nyanya moja iliyokuwa imeoza kwa chini, upande nisiouona. Akairudisha kwa muuzaji bila kusema naye, akachukua nyingine, akaibonyeza, akaniwekea. Hakuniangalia. Akaenda zake.